Nguo ya Picha: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: tuvae nini siku ya picha? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Tunachokiamini ni kwamba nguo ya picha huchaguliwa kwa ajili ya uso. Kamera hunasa mwanga unaorudi kutoka kwenye nguo, na mwanga huo ama unausaidia uso ama unauzima. Nguo iliyokupendeza kwenye kioo cha dukani inaweza kabisa kukuangusha studio.

Swali: Tuko saba nyumbani: sisi wazazi, watoto wanne na bibi yao. Mwaka jana tulishona wote kitenge kimoja, tukaenda studio. Picha ilipotoka, ukiitazama kwa mbali huoni watu, unaona kitenge. Sasa bibi anatimiza miaka 70 na tunataka kupiga tena. Lakini kila mtu akivaa lake, si tutaonekana kama tumekutana stendi?
*Mama wa watoto wanne, Morogoro*

Jibu: Mama, kitenge hakina kosa. Kilichowaangusha ni wingi wake. Katika picha ya watu saba iliyochapwa kwa inchi 8 kwa 10, uso wa mtu mzima unakuwa na upana wa kidole gumba hivi. Ua la kitenge lenye upana wa sentimita 20 likikaa kifuani, ni pana kuliko uso ulio juu yake. Zidisha mara saba, na jicho la mtazamaji halina pa kutua.

Fanyeni hivi. Tandikeni kitenge kitandani, rudini nyuma hatua tano, kisha mtaje rangi mnazoziona kutoka hapo. Mara nyingi hazizidi tatu. Tuseme ni bluu nzito, haradali na nyeupe. Bibi ndiye mwenye siku yake, basi yeye avae gauni zima la kitenge. Wewe vaa sketi ya kitenge na blauzi ya haradali isiyo na maua. Mtoto mdogo kabisa apate kigauni au kishati cha kitenge. Waliobaki wavae nguo za rangi moja moja zilizotoka humo humo: baba shati la bluu nzito, mmoja wa watoto haradali, wengine bluu iliyofifia kidogo. Nyeupe iacheni kwenye vitu vidogo, kola au kilemba, kwa sababu mtu mmoja mwenye shati jeupe kati ya sita wenye rangi nzito atalivuta jicho lote kwake.

Halafu angalieni mpangilio. Wenye kitenge wasikae pamoja upande mmoja. Bibi awe katikati, wewe ukingoni kushoto, mtoto mbele kulia. Kitenge kikitawanyika hivyo, kinawafunga saba wote kuwa kundi moja bila kumfunika mtu.

Na mtapunguza gharama. Kipande kimoja cha yadi 6 kinatosha: yadi 3 gauni la bibi, yadi 2 sketi yako, na iliyobaki kiguo cha mtoto. Mabaki yake yanaweza kuwa mfuko wa shati la baba.

Kabla ya kumpelekea fundi, kitenge kipya kifueni mara moja au mbili. Kikitoka dukani kina ugumu na mng'ao wa kiwandani. Chini ya flashi mng'ao huo hurudisha mabaka meupe kifuani na magotini, tena kitenge kikifuliwa baada ya kushonwa kinaweza kurudi na kubana. Mwambieni fundi kabla hajakata: ua kubwa lisikae katikati ya kifua wala tumboni. Lishuke kwenye pindo la chini, karibu na shingo pabaki maua madogo.

Bibi akipendelea kanga, vizuri sana, ila someni jina kwanza. Kanga ina pindo, mji na jina, na maneno hayo yatasomwa na wajukuu miaka 30 ijayo. Yale majina ya mafumbo na vijembe yabaki kabatini siku hiyo. Akijitanda mabegani maandishi hukatika katika mikunjo, kwa hiyo kama mnataka jina lionekane, mtandieni magotini akiwa amekaa na mlinyooshe kwa mkono.

Wanaoketi mstari wa mbele wataonekana viatu na soksi. Suruali hupanda mtu anapoketi, basi soksi ziwe ndefu na za rangi ya suruali. Akiwepo mwenye koti, afungue kifungo akiketi na akalie ncha ya koti, vinginevyo mabega yatapanda hadi masikioni.

Swali: Nafunga ndoa mwezi ujao. Nitavaa kanzu nyeupe, joho jeusi lenye darizi ya dhahabu, kilemba na jambia. Kaka yangu alivaa hivyo hivyo, na katika nusu ya picha zake uso umekuwa giza hata macho hayaonekani. Nusu nyingine uso unaonekana lakini kanzu imekuwa kama karatasi tupu. Nibadilishe nguo?
*Bwana harusi mtarajiwa, Unguja*

Jibu: Usibadilishe, kaka. Mavazi hayo ni fahari ya siku yako. Ila yajue yanavyoifanyia kamera.

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kikidhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina weupe wa wastani, yaani kijivu. Ukisimama na kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huhisi mwanga umezidi na kuupunguza. Kanzu inageuka kijivu, na uso wa maji ya kunde au mweusi unazama. Ukifunga joho jeusi likajaza fremu, kamera hufanya kinyume: huongeza mwanga, uso unatokea, kanzu inaungua, yaani inabaki nyeupe tupu, na mishono ya shingoni inapotea. Ndiyo maana kaka yako alipata matokeo mawili kwa kamera moja, siku moja.

Dawa iko katika mambo matatu. La kwanza, mpiga picha apime mwanga usoni mwako na auweke kwa mkono, asiiachie kamera ijiamulie. Mwulize wiki moja kabla. Anayeijua kazi atakujibu bila kusita. La pili, msipige picha kuu kwenye jua la utosi. Simama barazani au ndani ya mlango ukitazama nje, mahali penye kivuli lakini penye mwanga mwingi. Hapo tofauti kati ya kanzu na uso hupungua sana, na kilemba hakitupi kivuli machoni. La tatu, usilifunge joho hadi juu wala usiliachie wazi kabisa. Likiacha kanzu ionekane kwa upana wa viganja viwili hivi, jambia linakaa vizuri katikati na weusi na weupe unalingana.

Jamaa watakaopiga kwa simu waambie hivi: gusa uso wa bwana harusi kwenye skrini, kisha telezesha alama ya jua chini kidogo kidogo mpaka mishono ya kanzu ionekane. Ni kazi ya sekunde mbili.

Sasa kanzu yenyewe. Nunua kanzu na kilemba pamoja na uvilinganishe nje, mchana, si chini ya taa za dukani. Vitambaa vingi vyeupe, na sabuni nyingi za unga, vina dawa ya kung'arisha inayopokea miale isiyoonekana kwa macho na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Juani na chini ya flashi kanzu ya namna hiyo hung'aa kibuluu, na kilemba cha rangi ya maziwa kilicho juu yake kinaonekana kama kimechakaa. Ukiweza, chagua vyote viwili vya rangi ya maziwa: vinapokea mwanga kwa upole na vinapatana na ngozi.

Ndani usivae fulana nyeupe. Chini ya kanzu nyembamba fulana nyeupe huonekana kama kipande kingine cheupe zaidi, na mikono yake hujichora mabegani. Tafuta fulana ya kahawia inayokaribia rangi ya ngozi yako, itapotea kabisa. Jambia lifute kwa kitambaa kikavu kabla ya picha, alama za vidole kwenye fedha huonekana kuliko unavyodhani.

Swali: Nilipiga picha ya kuweka kwenye wasifu wa kazi nikiwa na shati la mistari myembamba. Studio ilionekana nzuri, lakini nikiituma kwa simu shati linaonyesha mawimbi ya rangi kama mafuta juu ya maji.
*Mhasibu, Nairobi*

Jibu: Mistari yako imegongana na mpangilio wa nukta za kamera. Kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, kimejaa nukta zilizopangwa kwa safu. Mistari ya nguo ikikaribia upana wa safu hizo, mipangilio miwili hupishana na kuzaa mawimbi ambayo hayapo kwenye nguo. Picha ikipunguzwa ukubwa ili itumwe, nukta hupangwa upya na mawimbi huweza kuzuka hata kama hayakuwepo mwanzoni. Mistari ya milimita moja au mbili, miraba midogo na vitambaa vya kufumwa kwa nyuzi mbili za rangi tofauti ndiyo wakosaji wakubwa. Vaa shati la rangi moja. Buluu hafifu au rangi ya maziwa ndani ya koti la bluu nzito haijawahi kumwangusha mtu. Mistari ukiipenda mno, iwe mipana kama kidole. Na ijaribu nyumbani: piga picha kwa simu kutoka mita 2, jitumie mwenyewe, uitazame ikiwa ndogo.

Swali: Mimi ni muuguzi, navaa hijabu na miwani kila siku. Nahitaji picha ya viza ya Marekani. Naweza kuvaa sare yangu ya kazi, maana ndiyo nguo yangu nadhifu zaidi?
*Muuguzi, Mombasa*

Jibu: Sare hapana, dada. Masharti ya picha hiyo yanakataza sare, isipokuwa mavazi ya dini yanayovaliwa kila siku. Miwani nayo ivue: tangu Novemba 2016 haikubaliki, ila kwa sababu ya kitabibu yenye maelezo yaliyotiwa saini na daktari. Ivue dakika 20 kabla ili alama za puani zifutike.

Hijabu unaruhusiwa kwa kuwa unaivaa kila siku kwa dini, lakini uso wote uonekane na kitambaa kisitupe kivuli kwenye paji wala mashavuni. Hapa ndipo wengi wanapokataliwa: ushungi umevutwa mbele kwa heshima, taa ya studio iko juu, na kivuli chembamba kinakaa juu ya nyusi. Urudishe nyuma kidogo na umwombe mpiga picha ashushe taa iwe karibu usawa wa uso.

Nyuma yako pichani huwa peupe, kwa hiyo usivae nyeupe, mabega yatayeyuka. Vaa rangi nzito isiyo na maua. Picha iliyochapwa ni ya inchi 2 kwa 2, na kichwa, kutoka kidevuni hadi juu, kiwe kati ya milimita 25 na 35. Iwe imepigwa ndani ya miezi 6. Usikubali kusafishwa uso kwa programu ya simu. Picha iliyochezewa hukataliwa.

Tukiwa kwenye sare: wasomaji wawili wameuliza kuhusu suruali za mabaka ya kijeshi kwa picha za kikundi cha vijana. Jibu ni hapana. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda raia haruhusiwi kuvaa nguo hizo, na picha ni ushahidi unaojitembeza wenyewe.

Swali: Navaa baibui jeusi na sina mpango wa kuliacha kwa sababu ya picha. Mara ya mwisho nilionekana kichwa kinachoelea gizani, tena uso mweupe kama nimepakwa unga wa muhogo.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Na usiliache. Hapo kuna makosa mawili, na hakuna lililo lako peke yako.

Kichwa kinachoelea kinatokana na baibui jeusi mbele ya pazia jeusi: mstari wa bega umepotea. Omba pazia la kijivu, la kahawia hafifu au la rangi ya mchanga. Simama mbali nalo, mita moja na nusu au mbili, na taa moja iwekwe nyuma yako pembeni ili ichore ukingo wa bega. Kitambaa nacho kina neno. Jeusi lenye vikunjo vidogo vidogo, kama krepu, hushika mwanga kwenye mikunjo na umbo linaonekana. Mahameli humeza mwanga wote. Satini hurudisha mistari mieupe kila unapokunja mkono. Ukikaribisha ushungi wa rangi nyingine, zambarau nzito, kijani cha zumaridi au rangi ya kahawa, ndio utakaoupa uso uhai, kwa sababu ndio kitambaa kilicho karibu nao kuliko vyote. Kijani kikali cha kung'aa epuka. Rangi yake hurukia chini ya kidevu na kukufanya uonekane mgonjwa.

Uso mweupe ni kazi ya poda. Poda nyingi za kumalizia, zile nyeupe laini kama vumbi, zina silika. Na krimu nyingi za kukinga jua zina oksidi ya zinki au ya titani. Kwa macho hazionekani, ila flashi ikipiga kutoka mbele hurudi kwenye kamera kama majivu. Tumia poda yenye rangi ya ngozi yako, kidogo, na ujipige picha ya flashi kwa simu chumbani kabla hujatoka. Hiyo picha moja ya chumbani itakuambia yote.

Swali: Mimi na mchumba wangu tunataka picha za ufukweni Coco Beach jioni, jua likizama baharini. Yeye anataka gauni jekundu refu. Mimi nivae nini, na twende saa ngapi?
*Kijana wa Kinondoni, Dar es Salaam*

Jibu: Kaka, tuanze na jua, maana ndilo litakaloamua nguo. Coco Beach inatazama mashariki. Jua huchomoza upande wa bahari na kuzama nyuma yenu, kwenye nyumba na miti. Kwa jua juu ya maji nendeni alfajiri, mfike kabla ya saa 12, au tafuteni ufukwe unaotazama magharibi: upande wa ghuba ya Msasani, au mkivuka Unguja, Forodhani na Kendwa.

Mkibaki na jioni ya Coco, bado mtapata mwanga mzuri sana, laini, wa kutoka nchi kavu. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linashuka wima na kwa haraka. Ule mwanga wa dhahabu haukai zaidi ya dakika 40 hivi, na majengo yataukata mapema. Kuweni mmeshavaa saa 11 kamili.

Gauni jekundu linawezekana, ila si jekundu lolote. Nyekundu kali ya kung'aa hujaza mkondo mmoja wa rangi kwenye kamera, ule unaonasa wekundu, hadi mikunjo yote inapotea. Gauni linageuka bapa kama limekatwa kwenye karatasi. Achague nyekundu iliyokolea, ya damu ya mzee au ya tofali, kwenye kitambaa chepesi kisichong'aa. Wewe vaa mchanga, maziwa au kahawia hafifu. Usivae nyekundu kumfuata, na buluu ya bahari itakumeza. Haradali pia ingempendeza mno mbele ya maji.

Upepo ni mgeni asiyealikwa. Gauni jepesi la kushuka moja kwa moja hupanda. Mshone kipande kidogo cha risasi ya kuvulia au kitufe kizito ndani ya pindo, vinne kwa kuzunguka, na avae kaptura ya rangi ya ngozi ndani. Angalieni maji. Siku za bamvua yanajaa mbali na yanakupwa mbali, na mchanga mnaoutaka unaweza kuwa haupo saa hiyo. Nguo ya kijivu au ya kaki ikilowa huonyesha mpaka wa maji kama ramani. Nyeupe nyembamba ikilowa huonyesha yaliyo ndani. Mkitaka kuingia majini, piga picha kavu kwanza, zote.

Na msivae nguo hizo njiani. Gauni lililokaliwa kwenye daladala au bajaji nusu saa lina mikunjo ya mapajani isiyotoka bila pasi. Zibebeni zimetundikwa kwenye henga, mvalie huko. Mfukoni pakiwa na simu na funguo, vitoe. Suruali huvimba upande mmoja na hakuna anayegundua mpaka picha ziko nyumbani.

Swali: Mtoto anatimiza mwaka. Nimemnunulia suti ya vipande vitatu na tai. Inafaa?
*Mama Junior, Dodoma*

Jibu: Inafaa kwa picha mbili, mama. Mtoto wa mwaka mmoja akiketi, koti hupanda na kumziba kidevu, na ndani ya dakika kumi ana joto na analia. Mvalishe kwanza nguo laini ya pamba yenye shingo ya chini, isiyo na maandishi wala picha ya katuni kifuani, umpige akiwa ametulia. Suti iwe ya mwisho, bila tai. Mvue soksi zenye mpira mkali nusu saa kabla, alama zake kwenye miguu minene hazifutiki upesi. Mpeleke ameshalala na kushiba, bibu aivae hadi sekunde ya mwisho, na kwenye mkoba weka nguo ya akiba inayofanana rangi na ya kwanza, maana ya kwanza itachafuka.